Sukari nje ya manifesti: jahazi linaponea wapi?

Kaka, umeuliza kama jahazi likikutwa Tanga na magunia ya sukari yasiyo kwenye manifesti (orodha rasmi ya mizigo ya chombo) ni faini tu. Ingekuwa faini tu, nafuu! Sheria ya Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 211, inaruhusu kutaifisha chombo chenyewe kikiwa chini ya tani 250, na majahazi yetu yamo humo. Meli kubwa haitaifishwi: nahodha hupigwa faini, meli ikazuiliwa hadi alipe au aweke dhamana. Magendo yakithibitika (kifungu cha 200) ni jela hadi miaka 5, faini ya asilimia 50 ya thamani ya forodha, au vyote. Kama ni hesabu iliyokosewa, wakala wa chombo aombe marekebisho ya manifesti kabla wakaguzi hawajapanda.