Maswali ya Wasomaji: King'amuzi Kipo, Picha Haipo

Tangu mitambo ya TV ya analojia (mfumo wa zamani wa matangazo) ya Arusha na Moshi izimwe Machi 31, 2013, miezi mitatu baada ya Dar es Salaam, barua zinazotufikia karibu zote ni za ving'amuzi. Tumejibu zile zinazojirudia zaidi.

SWALI: Nina TV ya chogo ya inchi 21. Nilipounganisha king'amuzi, picha ilikuja nyeusi na nyeupe na sauti haikutoka kabisa. Dukani wameniambia TV hii haiendani na dijitali, ninunue flati. Ni kweli?
Msomaji wa Sakina, Arusha

JIBU: Si kweli, na hela ya flati iache mfukoni. TV ya chogo inaonyesha dijitali bila shida, maana kazi ya kusoma mawimbi inafanywa na king'amuzi. TV inabaki kuwa kioo na spika tu.

Anza na nyaya za rangi tatu. Ya njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. TV nyingi za chogo zina matundu mawili tu ya AV, la njano na la nyeupe. Chomeka njano kwa njano, nyeupe kwa nyeupe, na nyekundu upande wa TV iache ining'inie. Kisha ingia kwenye menyu ya sauti ya king'amuzi, weka mono (sauti yote kwa njia moja), la sivyo utasikia upande mmoja tu wa matangazo. Angalia pia nyuma ya king'amuzi kwamba hukuchomeka kwenye matundu ya kuingizia badala ya yale ya kutolea.

Picha nyeusi na nyeupe karibu kila mara inatokana na mfumo wa rangi. King'amuzi kimewekwa NTSC wakati TV yako inasoma PAL. Fungua menyu ya picha ya king'amuzi, tafuta NTSC, badilisha iwe PAL. Na kama watu wanaonekana warefu na wembamba, hapo hapo badilisha umbo la kioo kutoka 16:9 kwenda 4:3.

TV kongwe zaidi, isiyo na tundu lolote zaidi ya la antena, inahitaji king'amuzi chenye njia ya RF ya kutolea (inayopeleka picha kwenye tundu la antena la TV), au kifaa kidogo kinachoitwa modyuleta kati ya king'amuzi na TV. Uliza kabla ya kununua, kwani ving'amuzi vingi vipya havina njia hiyo.

SWALI: Kwangu Ilboru picha inaganda na kukatika vipande vipande, hasa mvua ikinyesha. Antena ni ileile ya zamani iliyokuwa ikileta picha ya chenga lakini inayoangalika. Kwenye menyu, nguvu ya mawimbi ni asilimia 85 na ubora ni 30. Fundi anataka ninunue busta (kikuza mawimbi). Ninunue?
Msomaji wa Ilboru, Arusha

JIBU: Usinunue bado. Namba hizo mbili ulizotuandikia zimesema karibu kila kitu, na tungependa kila mwenye king'amuzi ajue kuzisoma.

Nguvu ni wingi wa kinachoingia kwenye tundu la antena, kiwe matangazo au makelele. Ubora ni kiasi cha matangazo ambacho king'amuzi kimeweza kukisoma bila makosa. Nguvu 85 na ubora 30 maana yake mawimbi yapo ya kutosha ila yamechafuka. Busta itakuza vyote viwili, uchafu na matangazo, na ubora utabaki 30 au utashuka. Fundi anayeuza busta kabla ya kusoma mstari wa ubora anakuuzia kitu ambacho hajakipima.

Analojia ilikuwa ikichoka taratibu: mawimbi yakipungua, chenga zinaongezeka, lakini mpira unaendelea kuuona. Dijitali haina chenga. Ubora ukiwa juu ya kiwango, picha ni safi kabisa. Ukishuka chini yake kidogo tu, picha inaganda, inakuwa vibokisi, kisha kioo kinakuwa cheusi. Ndiyo maana antena na waya vilivyovumilika zamani sasa vinakushinda.

Mvua yenyewe haizuii mawimbi ya UHF (masafa yanayobeba matangazo haya) kwa kiasi cha kukata picha. Chunguza mambo mawili: maji ndani ya waya, na majani yaliyolowa mbele ya antena.

Tuanze na waya, kwa sababu ndiyo penye makosa mengi. Panda juu wakati wa jua, fungua kiungo cha kwenye antena. Nyuzi za shaba zikiwa zimegeuka kijani au nyeusi, maji yameingia. Kata sentimita 30, menya tena. Ukikuta weusi bado unaendelea, waya wote umekwisha, badilisha. Kisha tafuta mahali waya ulipoungwa kwa kusokotwa na kufungwa nailoni. Muungo wa namna hiyo unafaa kwa taa, haufai kwa antena. Unarudisha nyuma sehemu ya mawimbi na ndiyo mlango wa maji. Weka waya mmoja mzima kutoka juu hadi kwenye king'amuzi.

Ununue waya wa antena wa aina ya RG6, wa omu 75. Mita 20 za RG6 nzuri zinapoteza desibeli 3 hadi 4 kwenye UHF, yaani karibu nusu ya mawimbi. Ule mwembamba wenye nyuzi chache za nje unapoteza zaidi sana. Kufunga konekta (kichwa cha kuchomekea waya): menya ganda la nje sentimita 1.5, kunja nyuzi zote nyuma juu ya ganda, menya plastiki nyeupe ukiacha kama milimita 5, kisha zungusha konekta hadi plastiki ifike usawa wa ndani. Shaba ya katikati itokeze milimita 2 au 3. Uzi mmoja wa nje, hata mwembamba kama unywele, ukigusa shaba ya katikati, mawimbi yote yanakufa. Pima kwa mita ya fundi umeme: ncha zote mbili zikiwa hazijachomekwa popote, kati ya shaba ya katikati na nyuzi za nje kusiwe na mawasiliano yoyote. Usipime huku antena ikiwa imefungwa, kwani antena nyingi zinaonyesha shoti ilhali ni nzima.

Kiungo cha juu kizungushie tepu nyeusi ya umeme kuanzia chini kwenda juu, ili mikunjo imwage maji. Na waya uache ushuke chini kidogo kabla ya kuingia dirishani. Tone litaanguka pale kwenye mkunjo badala ya kufuata waya hadi ndani.

Majani sasa. Ilboru mna migomba na mikaratusi, na masika haya kila jani limebeba maji. Kama mstari kati ya antena yako na mtambo unapita kwenye mgomba ulio mita tano mbele, hamisha antena hadi pembe nyingine ya nyumba au ongeza urefu wa bomba ipite juu. Kusogea mita moja au mbili kunatosha mara nyingi.

Halafu namna ya kugeuza. Zamani mmoja alikuwa juu ya bati, mwingine ndani anapiga kelele "hapo hapo!" King'amuzi kinachukua sekunde kadhaa kabla ya kuonyesha mabadiliko. Geuza kidogo, kama upana wa vidole viwili kwenye ncha ya antena, subiri sekunde tano, soma ubora, geuza tena. Kaza pale ubora ulipo juu kabisa, hata kama nguvu imeshuka.

Mwisho, tazama mikono ya antena yenyewe. Ya UHF ina vijiti vifupi, sentimita 20 hadi 30 ncha hadi ncha. Vijiti vinavyozidi mita moja ni vya VHF (masafa ya chini zaidi), havitakusaidia kwenye matangazo ya UHF. Na tazama antena za majirani wanaopata picha safi: zimelala au zimesimama? Iweke yako vivyo hivyo. Antena iliyolala mbele ya mawimbi yaliyosimama inapoteza sehemu kubwa mno, na hakuna kugeuza kutakakorudisha.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mzee wa Kibosho, nyumba yangu iko bondeni karibu na mto. Jirani aliye juu ya kilima, hata mita 200 hazifiki, anaona chaneli zote. Mimi sioni hata moja, na nimeshabadilisha king'amuzi mara mbili.
Msomaji wa Kibosho, Moshi

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Usibadilishe cha tatu. Mawimbi ya UHF yanasafiri karibu sawa na mwanga: kilima kikikaa katikati, nyuma yake kuna kivuli. Miteremko ya Kilimanjaro imekatwa na makorongo mengi, na nyumba iliyo chini ya ukingo inakosa kile ambacho ya juu ya tuta inakipata bila jasho.

Kabla ya kununua chochote, azima antena ya jirani na king'amuzi chake, pandeni navyo hadi ukingoni mwa shamba lako mahali palipo juu. Ubora ukifika asilimia 60 au zaidi pale, unaweza kusimika bomba hapo na kushusha waya. Ikiwa umbali hadi nyumbani unazidi mita 30, hapo ndipo busta ina haki yake. Ifungwe juu kwenye bomba, karibu kabisa na antena, kabla mawimbi hayajachoka kwenye waya. Ikifungwa nyuma ya TV inakuza kilichokwisha kuharibika. Busta ya aina hiyo inapata umeme kupitia waya uleule. Ving'amuzi vingine vinaweza kuilisha kwa volti 5, lakini lazima uwashe sehemu hiyo kwenye menyu. Busta ya volti 12 inahitaji adapta yake. Kama antena yako haina busta, sehemu hiyo ya volti 5 izimwe, maana inaweza kuleta shoti.

Bomba lisimame mbali na nyaya za umeme kwa umbali unaozidi urefu wake, ili hata likianguka lisizifikie. Ngurumo zikianza, chomoa waya wa antena na plagi ya umeme, vyote viwili.

Kama hata ukingoni hakuna kitu, nunua dishi. Moshi iko nyuzi 3 na kidogo kusini ya ikweta, na setilaiti za matangazo zinakaa juu ya ikweta, kwa hiyo dishi linatazama juu sana na ukingo wa korongo mara nyingi haulizuii. Mvua kubwa italikata kwa dakika chache.

SWALI: Nina nyumba ya vyumba vinne vya wapangaji hapa Pasua. Je, king'amuzi kimoja na antena moja vinaweza kuwatosha wote?
Mama mwenye nyumba, Pasua, Moshi

JIBU: Mama, antena moja inaweza, king'amuzi kimoja hapana. King'amuzi kimoja ukikigawa kwenye TV nne, wote wanne wataangalia chaneli moja, na mwenye rimoti ndiye mtawala. Kila mpangaji awe na chake.

Kugawa antena fanya kwa kigawanyio chenye njia nne, si kwa kusokota nyaya. Kila mlango wake utapata chini ya robo ya mawimbi, pungufu ya desibeli 7 hadi 8. Hivyo pima kwanza kwa waya mmoja: ubora ukiwa 90 na nguvu nzuri, gawa moja kwa moja. Ikiwa nguvu ni ndogo, weka busta juu kabla ya kigawanyio. Ila kama mtambo uko karibu nanyi, busta itazidisha, na dalili yake ni nguvu 100 huku ubora ukiwa sifuri. Itoe.

SWALI: Nimeletewa king'amuzi kutoka Ulaya. Kinatafuta, hakipati kitu, ingawa cha jirani kwa antena hiyohiyo kinapata.
Msomaji wa Njiro, Arusha

JIBU: Soma kibandiko cha chini. Kimeandikwa DVB-T (mfumo wa dijitali wa antena) bila namba 2? Nchi nyingi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, zilichagua DVB-T2. Kisanduku cha T2 kinasoma na T ya zamani, cha T hakisomi T2, na hakuna fundi wa kukigeuza. Angalia hilo hata kwenye TV za flati: kuwa bapa hakumaanishi ina kisoma-dijitali ndani. Na hata yenye T2 haitafungua chaneli za kulipia.

Kama kimeandikwa T2, jaribu kutafuta kwa mkono. Muulize mtoa huduma namba ya chaneli ya UHF ya eneo lako, toa 21, zidisha kwa 8, jumlisha 474. Chaneli ya 30, kwa mfano, ni megahezi 546. Upana weka megahezi 8.

SWALI: Malipo ya mwezi yakiisha, king'amuzi kinazima kila kitu. Ni halali?
Msomaji wa Usa River

JIBU: Mwaka 2013, kwa ving'amuzi vya antena, chaneli tano za kitaifa, TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, zilitakiwa kuendelea kuonekana bure hata kama hujalipia. Kwanza tafuta chaneli upya, kwani wakati mwingine orodha tu ndiyo imevurugika. Zikigoma, piga simu kwa mtoa huduma ukiwa na namba ya kadi mkononi. Asipokusikiliza, andika malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ukitaja namba hiyo, tarehe na chaneli zilizofungwa.

SWALI: King'amuzi kinajizima na kujiwasha chenyewe, hasa jioni.
Msomaji wa Kaloleni, Arusha

JIBU: Jioni umeme hushuka, na adapta iliyochoka haihimili. Soma kilichoandikwa kwenye adapta, mara nyingi volti 12 na ampea 1 au 1.5, azima nyingine ya volti zilezile na ampea zisizopungua hizo, plagi yake ikiwa na chanya katikati kama ya kwanza. Kikitulia, nunua adapta. Kisipotulia, mwambie fundi atazame kapasita za ndani. Iliyovimba kichwani ndiyo mbovu, na kuibadilisha ni kazi ndogo. Kiondoe pia juu ya TV ya chogo, kiwe mahali penye hewa, bila kitambaa juu yake.