Usiling'oe ua kabla mvua haijanyesha

Dada mmoja wa Lindi kaniandikia kwamba asumini yake imepukutika yote, imebaki vijiti, anataka kuing'oa. Nilimjibu hapohapo: usiing'oe, dada yangu. Kwaruza shina kwa ukucha. Ukiona ukijani chini ya ganda, ua lako lina uhai, linangoja maji.

Sisi wa Kusini mwaka wetu una mvua moja tu. Wenzetu wa Tanga na Dar es Salaam wakipata vuli yao, sisi tunakaa tangu Mei mpaka Novemba, pengine Desemba, hatujaona tone la maana. Katikati hapo kuna upepo wa kusi na baridi yake ya Juni na Julai. Kusi ikivuma kutoka baharini inabeba chumvi, na majani yaliyoelekea bahari yanaungua kingo. Mmea unaamua kuyaangusha ili usipoteze maji. Watu wengi wanakosa subira hapo, wanang'oa Septemba kitu ambacho Desemba kingewajazia uwanja harufu.

Haya siyasemi kwa kusoma tu. Nilipokuwa nimepanga Chikongola, hapa Mtwara mjini, uani palikuwa mchanga mtupu na vifuu vya nazi. Nikaleta samadi ya mbuzi kwa ndoo, nikapanda mrehani, asumini na mlangilangi. Maji ya kisima yalikuwa ya chumvi, kwa hiyo nilikinga mvua kwenye madumu na kuyatunza kama dawa. Mlangilangi ulipita paa. Ilipofika siku ya harusi mtaani, akina mama walikuja na sinia wachume vya kufungia vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, na mimi nilikuwa naona fahari, siwezi kuificha.

Kisha mwenye nyumba akataka kujenga fremu za maduka. Hakuniambia. Nimetoka sokoni nakuta mlangilangi umelala chini na asumini imesombwa pamoja na kifusi. Nilipouliza akasema, "Maua hayaliwi, mama." Miaka imepita, nina kwangu Shangani sasa, na neno lile bado linaniuma ninapoliandika.

Tangu siku ile mimi ni mtu wa vyungu. Wewe uliyepanga, nisikilize vizuri: kitu unachokipenda kipande kwenye chombo unachoweza kukibeba. Dumu la lita 20 likatwe juu, litobolewe chini, linatosha asumini. Ndani ya nyumba weka ule mmea wenye vijani vinene vinavyong'aa, Zamioculcas kwa jina la kitaalamu. Watu wanaununua kwa bei kubwa wakidhani umetoka Ulaya, kumbe asili yake ni huku huku Afrika Mashariki, kushuka mpaka Afrika Kusini. Chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji, ndiyo maana unavumilia kiangazi chetu. Anayeumwagilia kila siku anauozesha.

Kwa subira ya kulea maua, Wazungu wametuzidi. Miaka ya 1890 Mjerumani aliyekuwa mtawala Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao kiua cha zambarau cha milima ya Usambara, na mpaka leo wanakilea madirishani msimu wa baridi kali, wakisubiri jua lirudi. Kiua chetu! Sisi tunashindwa kulea asumini miezi michache ya kusi.

Basi fanyeni kazi sasa, mikorosho ikiwa imeanza kuangusha mabibo na mikrismasi ikianza kuwaka nyekundu barabarani. Pogoa matawi makavu. Punguza udongo wa juu wa chungu uliojaa chumvi, tia mpya wenye samadi iliyooza. Mbichi inaunguza mizizi. Funika kwa makumbi ya nazi, jua la Oktoba na Novemba hapa halina huruma. Mwagilia jioni, kidogo. Vyungu vya ndani visogeze mbali na dirisha la upande wa bahari. Na tafadhali, msiwe na haraka. Kina mama wa siku hizi tunataka kila kitu kichanue leo tupige picha, halafu tukishapiga tunasahau hata kutia maji. Ua ni kiumbe, linataka mtu wa kulitazama kila siku.

Mvua ya kwanza ikinyesha, toa vyungu vyote nje vipigwe. Inaosha chumvi ya majani na ya udongo, kazi ambayo maji ya kisima hayaiwezi. Hapo ndipo pia pa kukata vipandikizi vya asumini, wakati ardhi ina unyevu. Wanaoniomba mbegu kila mara, njooni wakati huo, kila mtu na kopo lake lenye udongo tayari. Nitawakatia wote.