Maswali Yenu: Weusi wa Mahameli Kwenye Bamba la Shaba

SWALI: Habari za kazi. Nimeona picha za mezotinti za karne ya 17, yaani picha zilizochapwa kwa bamba la shaba lililojazwa vishimo vinavyoshika wino, nyeusi tii kama mahameli. Nikajaribu: bamba la shaba la sentimita 10 kwa 15, nikalibembezea patasi ya meno (yenye ukingo wa mviringo, unaoiyumbisha huku na huku) pande nne. Chapa imetoka kijivu yenye mistari. Je, kosa ni la wino?

JIBU: Wino hauna kosa, ndugu. Bamba lako halijaiva. Kila jino likizama huacha kishimo na kuinua kiunyoya cha shaba pembeni, na hicho kiunyoya kinachoshika wino ndicho kinacholeta mahameli. Pasipoguswa na jino, kitambaa hufuta wino wote. Ndiyo mistari yako hiyo. Bembeza kwa urefu, kwa upana, mishazari yote miwili, kisha uendelee kugeuza bamba kidogo kidogo hadi utimize njia zisizopungua 20. Inachosha mkono, lakini hakuna njia ya mkato. Patasi isimame wima: ukiilaza inakwaruza, ukiikandamiza ncha zake zinachimba mifereji ambayo haitafutika. Elekeza bamba kwenye mwanga; panapong'aa bado.

Ludwig von Siegen, mvumbuzi wa mezotinti, aliyechapa sura ya Amelia Elisabeth, mtawala wa Hesse-Kassel huko Ujerumani, mwaka 1642, alifanya kinyume: alitumia kigurudumu cha meno, akatia giza pale tu alipolitaka. Patasi ya kubembeza, ambayo Abraham Blooteling wa Amsterdam anatajwa kuiboresha, ndiyo iliyowezesha bamba zima kutiwa giza kwanza, kisha nuru itolewe kwa kukwangua. Kwangua kwa hatua. Ukikata ncha za viunyoya unapata kijivu. Ukifika chini ya vishimo na kusugua kwa chuma kilichong'arishwa, unapata weupe wa paji la uso. Ukipitiliza, itabidi upabembeze upya kwa patasi ndogo.

SWALI: Chapa ya kwanza ilipendeza, ya 60 imefifia. Kwa nini?

JIBU: Shaba ni laini. Kila ukifuta wino na kila ukipitisha bamba kwenye mashine, viunyoya vinalala. Chapa nzuri huwa 100 na kidogo, wakati mwingine hazifiki hapo. Wachapaji wa zamani walilirudia bamba kwa patasi palipochakaa, kisha wakaendelea kuchapa, ingawa sura haikurudi ilivyokuwa. Lipashe bamba moto kidogo ili wino ulainike, ufute kwa kitambaa chepesi bila kusugua, na karatasi iwe na unyevu.