Oskari ameua wenzake: nimtilie ngege?

Swali: Fundi, salaam. Niko Bombo, nina samaki aina ya oskari. Nilimnunua akiwa mdogo kama kidole, sasa ana sentimita 25. Tangi langu ni la sentimita 80 kwa 35, kina 40. Ameshaua wenzake wanne, anafukua changarawe, anapindua mawe, na juzi nimeona vijitundu kichwani mwake. Muuzaji anasema nimtilie ngege (tilapia) wawili wakubwa wamtie adabu. Ni kweli?

Jibu: Salaam, ndugu yangu. Hapana. Ngege naye ni wa jamii hiyohiyo ya sikilidi, hugombea mahali vilevile, na akikomaa humpita oskari kwa ukubwa. Fahali wawili hawakai zizi moja, nawe unataka kutia watatu!

Samaki wako hana ukorofi wa ajabu. Kwao, katika mito ya Amazon, anayefukuzwa hukimbia akatoweka. Kwako anayefukuzwa hugonga kioo, akigeuka bado yumo ndani ya himaya ya mwenyewe. Tangi lako ni kama lita 112 tu, na upana wa 35 unamnyima hata nafasi ya kugeuka vizuri. Naye bado anakua. 30 atafika, pengine na zaidi.

Mtengenezee la 120 kwa 50 kwa 50, yaani lita 300, akae peke yake. Kumbuka maji hayo pekee ni kilo 300, kwa hiyo nenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma akuundie stendi. Meza ya sebuleni usiijaribu.

Ila vijitundu hivyo havingoji tangi jipya. Mara nyingi huja kwa maji machafu na chakula kibovu. Oskari hula sana na kunya sana. Uchafu wake hutoa amonia, bakteria wa kwenye filta wakaigeuza nitriti, kisha nitrati. Hapo filta ya kawaida imefika mwisho. Nitrati hutolewa kwa ndoo. Badilisha theluthi ya maji mara mbili kwa wiki mpaka vidonda vianze kufunga, baadaye mara moja kila wiki. Maji ya bomba yatie kwanza dawa ya kuondoa klorini. Sponji ya filta isuuze kwa maji uliyoyatoa tangini, usiisugue chini ya bomba, utaua bakteria haohao. Umeme ukikatika kwa saa nyingi nao hukosa hewa, hivyo pampu ndogo ya hewa ya betri inafaa kuwa nayo.

Chakula kiwe vidonge vya sikilidi, na minyoo ya bustani isiyopigwa dawa. Nyama ya ng'ombe acha, mafuta yake hayamfai. Nkejje hai, wale samaki wadogo wa ziwani, pia waache, huja na vimelea.

Kufukua mwachie, ndiyo tabia yake. Wewe kalisha mawe makubwa juu ya kioo chenyewe kabla ya kumwaga changarawe, asije akayachimbia chini yakaanguka. Hita ya kioo ivishe bomba la plastiki lililotobolewa. Nimeshabadilisha nyingi zilizopasuliwa kwa mkia. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 28.

Ukishindwa kumhudumia, mrudishie huyohuyo muuzaji. Ziwani usimtupe: nkejje wetu walishakiona cha moto tangu sangara alipotiwa Victoria miaka ya 1950.