Kgalagadi baada ya mvua: twende?

SWALI: Shikamoo mzee. Tunaishi Pretoria, tumekodi gari la fobaifo (4x4) twende wenyewe Kgalagadi, ile hifadhi ya wanyama mpakani mwa Afrika Kusini na Botswana. Mvua kubwa imenyesha huko. Tuahirishe?

JIBU: Marahaba. Nendeni, ila msitarajie simba visimani kama wakati wa kiangazi; maji yakiwa kila mahali, wanyama hutawanyika. Springbok, aina ya swala, mtawakuta bonde la mto Auob wakila majani mabichi. Mchanga ulioloa haukunisumbua, tena huwa mgumu kidogo. Nyasi ndizo zilizonikomesha! Mbegu zake ziliziba rejeta, injini ikachemka saa saba mchana, na kushuka garini hovyo ni marufuku. Tulikaa ndani tukinywa maji ya moto kama chai. Fungeni wavu mbele ya rejeta. Mkifika kambini, chungulieni uvunguni mwa gari: nyasi kavu zikinasa kwenye ekzosi huwaka.