Re: Novela zinamharibu binti yangu?

Mama, salamu toka Goma. Umesema binti yako wa miaka 16 haambiliki tangu aanze kutazama novela, zile tamthilia za mapenzi za kwenye televisheni, na sasa anadai sherehe ya kuzaliwa kama ya matajiri wa humo. Kwanza pole, hata kwangu, mtaa wa Ndosho, wapo mabinti wawili wa namna hiyo.

Ila kuiga filamu hakukuanza na wao. Miaka ya 1950 vijana wa Kinshasa, enzi hizo ikiitwa Léopoldville, walitoka kwenye filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani wakajiita Bill, kwa jina la Buffalo Bill, shujaa wa filamu hizo. Walivaa jinzi na skafu shingoni, wakagawana mitaa, wakatunga hata lugha yao, hindubill. Wazee waliona dunia imekwisha. Wengi wa vijana hao walikuja kuwa babu za watu!

Keki na nguo hazinitishi. Kinachonikera ni yule kijana wa novela anayekataliwa mara kumi, anamfuata msichana mpaka mlangoni, halafu muziki unapigwa, tunaambiwa huo ndio upendo. Huku mtaani huyo ni msumbufu tu.

Kwa hiyo siwazimii televisheni. Ninakaa nao na kuuliza: huyu anafanya kazi gani? Kodi analipa nani? Juzi umeme ulikatika katikati ya harusi ya kwenye novela, tukabishana gizani hadi usiku kama bibi harusi alipaswa kukubali. Binti yangu alisema hapana.