Boti sipandi tena: je, tiba ya mtandaoni itanifaa?

SWALI: Bi, salaam aleikum. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 33, naishi Lamu mjini. Mwaka jana nilipanda boti ya abiria kutoka Mokowe, upande wa bara, injini ikazima katikati ya mkondo, upepo mkali, maji yakaingia. Tulivutwa hadi gatini, hakuna aliyeumia. Wiki chache baadaye, nikiwa darasani, moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikafa ganzi, pumzi haishuki. Nilidhani ndio nakufa. Tangu hapo inanijia ghafla, na boti sipandi tena. Mavyaa alinipeleka nikasomewa, nikatulia siku kadhaa, kisha ikarudi. Shoga yangu wa Nairobi ananiambia nitafute mwanasaikolojia wa mtandaoni, nizungumze naye kwa simu nikiwa nyumbani. Itanifaa, ama ni kupoteza pesa?
Mwalimu, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Pole kwa yaliyokufika.

Kabla ya mtandao, hospitali. Moyo kwenda mbio huweza pia kuletwa na upungufu wa damu, au tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Hospitali ya King Fahd iko hapo hapo kisiwani, huna haja ya kuvuka. Mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, akupime damu, tezi na moyo. Wasipoona kitu, basi unayoyataja yanafanana sana na shambulio la hofu. Hupanda kwa kasi, hufika kileleni kwa dakika chache, kisha hushuka lenyewe. Linatisha, lakini haliui. Na kusomewa, kama kunakutuliza, endelea nako. Hakugombani na tiba.

Sasa swali lako. Kwa hofu za namna hii, tiba ya mazungumzo kwa video imechunguzwa sana, na matokeo yake yanakaribiana na ya kukaa ana kwa ana. Kwa hiyo pesa si za kutupa. Ila kuna maneno mawili katika barua yako yaliyonisimamisha: "nikiwa nyumbani". Nakuuliza kama mama. Unautaka mtandao kwa kuwa mwanasaikolojia yuko Mombasa nawe uko Lamu, ama kwa kuwa hautakulazimisha kupanda boti? Hofu hulishwa na kukwepa. Kila ukiikwepa boti unapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayoushawishi mwili kwamba kweli umeponea chupuchupu. Tiba inayokuacha sebuleni miezi sita, mkizungumza vizuri na kuagana vizuri, itakuwa ni kukwepa kwingine, tena kwa kulipia.

Lakini simu hiyo hiyo inaweza kufanya jambo lisilowezekana katika ofisi ya Mombasa. Ofisini mngezungumza habari za gati. Kwa simu, mshauri anakuwa nawe gatini. Mimi, ninapokuwa mshauri, huanza na mwili kwanza: nakueleza kinachotokea ukiogopa, kisha nakupumulisha haraka haraka kwa makusudi ukiwa umekaa kitini (daktari akiwa ameshasema moyo wako ni mzima), uone kizunguzungu kinakuja na kinaondoka. Baadaye unatembea hadi forodhani, hedifoni masikioni, unasimama karibu na ngazi za gati, unaniambia hofu yako ni ngapi kwa kumi. Saba? Haya, tusimame hapo hapo. Hukimbii, hujilazimishi kucheka, unangoja ishuke. Siku nyingine unakaa ndani ya boti iliyofungwa. Kisha boti ya Shela, inayokwenda kando ya kisiwa. Mokowe baadaye. Kwa kawaida kazi hii huchukua vipindi 10 hadi 15.

Faragha nayo uifikirie mapema. Nazijua nyumba zenu: kuta za mawe ni nene, lakini ua wa ndani hupeleka sauti hadi darini, na mavyaa ana masikio. Juu kabisa kuna upepo, mshauri hatasikia kitu. Muombe mwalimu mkuu chumba kimoja wanafunzi wakishaondoka. Simu ikiwa hushikwa na kupekuliwa na mtu mwingine nyumbani, mwambie mshauri kabla ya yote.

Kumchagua si kazi kubwa. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili, kwa hiyo muulize amesajiliwa vipi. Akikasirika, umeshapata jibu. Wanaotibu kwa kuandikiana ujumbe tu, siwapendi kwa tatizo lako, maana wewe unahitaji mtu anayeona unavyopumua. Video ikikatika, maliza kwa simu ya kawaida. Lipa kipindi kimoja kimoja kwa M-Pesa. Usinunue furushi la vipindi kumi kwa mtu ambaye hujamjua, na ulizeni mapema nani anabeba hasara mtandao ukipotea katikati.

Kuna hali ambazo simu peke yake haitoshi: ukianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, ukishindwa kula na kulala kwa siku nyingi, au ukipata fikra za kujidhuru. Hapo nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuna pia simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, 1199.

Kikao cha kwanza kikifika, mwambie tangu mwanzo: "Nataka kuvuka Mokowe." Kisha msikilize atakavyopanga kukufikisha. Kikifika cha tano na bado mnasimuliana utoto wako, hata forodhani hamjakwenda, tafuta mwingine.